Kaunta buku la dada: kisa cha mtoto, mjane wa kiume na madeni ya vitumbua, Ngamiani Tanga

Siku ya pili ya msiba, ndani kumejaa wanawake mpaka ukumbini, bibi mmoja wa ukoo wa mbali akamvuta mtoto wa mwisho wa marehemu akamuuliza, mwanangu, mama utamkumbuka kwa lipi? Mtoto ana miaka 10. Akajibu bila hata kufikiri, "Mama alikuwa ananuka."

Akala kofi pale pale. Mimi nilikuwa nje kwenye turubai na wanaume, aliyenihadithia ni mke wangu usiku, na alivyonihadithia alikuwa analia kwa sababu alijua, na mimi nilijua, kwamba mtoto hakutukana, alisema kile anachokijua. Marehemu ni dada yangu wa kuzaliwa, mimi ndo mjomba mtu. Nimeomba ruhusa kwa shemeji na kwa mtoto mwenyewe kukiandika kisa hiki, majina sitaji, na nakieleza kirefu kwa sababu kuna mambo tulikosea na machache tulipatia, na mengi tuliyopatia tulipatia kwa bahati tu, tusijifanye.

Nianze na hesabu ya miaka maana ndo inaeleza lile kofi. Dada alianza kuona damu isiyo ya siku zake mwishoni mwa 2018, akiwa na miaka 43. Zahanati moja wakamwambia ni UTI sugu, yaani hilo neno "UTI sugu" mimi siku hizi nikilisikia nywele zinasimama. Miezi saba anabadilishiwa antibayotiki tu, hakuna siku hata moja aliyopandishwa kitandani akaangaliwa. Alipofika hospitali kubwa daktari akatia kile chombo cha kupanulia, hakuchukua hata dakika mbili, akakata kinyama kikapelekwa kupimwa. Saratani ya mlango wa kizazi, hatua ya tatu. Na kipimo cha mwanzo cha kitu hiki wala si mashine ya ajabu, nesi anapaka siki kwenye mlango wa kizazi, anasubiri kama dakika moja, pakigeuka peupe anajua pana kitu, na pakiwa padogo pengine panagandishwa siku ile ile unarudi nyumbani kwako. Siki! Ile ile tunayotilia kachumbari, iliyopimwa ukali wake. Kinachouma zaidi ni kwamba mwaka ule ule 2018 ndo chanjo ya HPV, ya kukinga saratani hii hii, ilianza kutolewa nchi nzima kwa wasichana wa miaka 14, binti yake mkubwa alikuwa na umri huo huo, na dada ndo aliyemwambia nenda kachomwe usiwasikilize wanaosema inafunga kizazi. Akamkinga mtoto na ugonjwa ambao yeye mwenyewe alikuwa nao tayari na hajui.

Mwishoni mwa 2019 akaenda Ocean Road, hospitali ya saratani, Dar. Mionzi ya nje mara 25, Jumatatu mpaka Ijumaa, wiki tano, na dripu ya kemo mara moja kwa wiki, halafu ile mionzi ya ndani ambayo hakupenda kuisimulia na sisi hatukumuuliza. Akakaa kwa binamu yetu Temeke. Akarudi Tanga mwembamba lakini anatembea, 2020 ikapita hivo hivo, anakaa barazani, anaangalia watu, moto wa jiko hauwezi tena. Katikati ya 2021 mguu wa kushoto ukaanza kuvimba, kiuno kikashika, tukarudi hospitali tukaambiwa umerudi na safari hii unabana mirija ya mkojo, figo zinaelemewa. Akafariki Agosti 2022.

Sasa fanya hesabu. Mtoto amezaliwa 2012. Mama anaanza kuumwa mtoto ana miaka sita. Kile anachokikumbuka mtu kabla ya miaka sita ni vipande vipande tu. Kwa hiyo kaka yake wa miaka 21 na dada zake wa 18 na 15 walifiwa na mama, yeye alifiwa na mgonjwa. Na harufu ilikuwepo kweli, tusidanganyane, saratani ile ikishaoza ndani inatoa harufu ambayo udi na uvumba haviifuniki, vinaichanganya tu ikawa mbaya zaidi. Nesi wa tiba shufaa, yaani ya kumpunguzia mgonjwa mateso, alikuja mwishoni mwishoni akamfundisha shemeji kutumia metronidazole, vile vile vidonge vya kawaida, vinasagwa na kuwekwa pale panapooza, na wallahi ndani ya siku chache chumba kikawa kinakalika. Lakini mtoto alishalala kwenye chumba cha pili miezi mingi kabla ya hapo akivuta shuka puani.

Kuna deni langu mimi hapa, nilitaje. Mofini. Daktari alipoandika mofini ya maji, ile inayokuja kwenye chupa ya plastiki unapima kwa sirinji isiyo na sindano, mama yetu mzazi alikataa katakata. Tanga hii mateja tunawaona kila kona, bibi kasikia mofini kasikia unga, akasema mwanangu hatokufa teja. Na mimi niliyesoma nikanyamaza. Wiki mbili dada analia usiku, anauma kanga, mimi naogopa kumbishia mama. Nesi ndo aliyekuja kukaa na bibi mkekani akamweleza taratibu kwamba mtu mwenye maumivu ya saratani akipewa kwa kipimo hageuki teja, cha kuangalia sana ni choo kitafunga kwa hiyo apewe na dawa ya choo. Toka siku ile ratiba ikawa saa 12 asubuhi, saa 4, saa 8, saa 12 jioni, na saa 4 usiku anapewa dozi mara mbili ili usiku wa manane asiamshwe. Shemeji akaweka alamu tano kwenye simu yake.

Shemeji ni seremala, karakana yake ipo Makorora. Ile miezi 14 ya mwisho karakana aliiachia vijana, yeye akawa nesi, mpishi, mfuaji. Alimwogesha mkewe kila siku. Sasa siku ya msiba wanawake wakataka kumtoa chumbani, kwamba mume akishafiwa ndoa imekatika asimguse. Hapo namshukuru sheikh wetu, alisema kwa madhehebu yetu ya Shafii mume anaruhusiwa kumwosha mkewe, mwacheni. Akaingia na dada yetu mwingine wakamwosha wote. Nadhani kama angetolewa mle chumbani leo tungekuwa tunaandika kisa kingine.

Lakini baada ya hapo hakuna aliyejua amfanyie nini. Mwanamke akifiwa anakaa eda, miezi minne na siku kumi, kuna nguo, kuna namna, watu wanajua huyu yuko wapi na wamwendee vipi. Mwanaume hana eda. Siku ya tatu khitma imesomwa, turubai limeshushwa, masufuria yamerudishwa, siku ya nne shemeji yuko karakana anapiga randa. Vijana wake waliniambia ikifika saa 4 simu inalia, anaweka randa chini, anatoka nje, anafika mpaka barabarani halafu anarudi. Saa 8 hivo hivo. Alamu hajazifuta. Mimi sikuthubutu kumwambia azifute.

Na ile sifa waliyokuwa wanaimba watu wote pale msibani, "alikuwa mvumilivu mno", mimi ilikuwa inanikera. Dada mvumilivu? Dada alikuwa na mdomo! Dada alikuwa anaweza kumsema mtu kuanzia barabara ya 10 mpaka ya 14 bila kumeza mate. Uvumilivu ni wa kitandani, ulikuwa ni ugonjwa umemnyamazisha. Kwa hiyo kumbe hata sisi wakubwa, ukiacha lile kofi, hatukuwa mbali na mtoto. Yeye alikumbuka harufu ya ugonjwa, sisi tukawa tunasifia ukimya wa ugonjwa, na mabinti wenyewe picha waliyoweka status ni ya mwaka wa mwisho, kajifunga mtandio, mashavu yameingia ndani. Mwenyewe hayupo popote.

Basi. Makaburini ilitangazwa kama kawaida, anayemdai marehemu aje kwa familia, na anayedaiwa vilevile. Siku ya tano shemeji akatoa kaunta buku, kwaya mbili, jalada limelowa mafuta mpaka linang'aa. Dada alikuwa anauza vitumbua. Analoweka mchele usiku, alfajiri kijana anaupeleka mashine, tui, iliki, hamira, lile chuma lake la vishimo saba halipumziki mpaka saa 3. Anauza barazani na anasambaza, na wateja wa Tanga mnajijua, nusu ni mkopo. Ukurasa wa mwisho ni Septemba 2019. Ukiacha yale yaliyofutika na mafuta, madeni yaliyosomeka yalikuwa 360,000.

Shemeji akasema yote yasamehewe, iwe sadaka yake. Neno zuri. Sheikh akamwambia polepole, hiyo si mali yako peke yako. Deni analodai marehemu ni mirathi. Wewe una robo kwa kuwa ameacha watoto, 90,000. Mama yake sudusi, yaani moja ya sita, 60,000. Inabaki 210,000 ya watoto, wa kiume anapata mara mbili ya wa kike, kwa hiyo vijana 70,000 kila mmoja na mabinti 35,000 kila mmoja. Mimi kaka mtu sina hata senti, sawa kabisa. Nyie wakubwa kila mmoja anaweza kusamehe fungu lake, ila huyu wa miaka 10 hajabaleghe, hakuna mwenye haki ya kusamehe kwa niaba yake, hata baba. Shemeji akasema basi hiyo 70,000 nitaitoa mfukoni mwangu niiweke kwa jina lake, yaishe.

Na ingeisha kweli, kisheria hapakuwa na tatizo. Tatizo ni kwamba nilipofungua lile buku sikuweza kulisoma. Dada shule aliishia la saba lakini chuoni, yaani madrasa, ndo alikokolea, kwa hiyo tarakimu kaandika za kawaida na majina kaandika kwa herufi za Kiarabu, mkono wa haraka, bila irabu, kama wanavyoandika bibi zetu wengi wa pwani. Mimi chuo nilikimbia na juzuu mbili. Mtoto akaja akasimama nyuma yangu, akaweka kidole, akasoma: "Sibuku, 4,200."

Sibuku ndo nani? Tukakaa tunaumiza kichwa, mimi na yeye, tena toka kofi lile alikuwa hajaongea na mtu zaidi ya ndiyo na hapana. Halafu ikanijia. Kiarabu hakina P! Spoku! Fundi baiskeli wa barabara ya 9, jina la utani Spoku. Mtoto akacheka, na mimi nikamwambia shemeji hizo 70,000 zako kaa nazo kwanza, mimi na mwanao tunakwenda kudai. Sikuwa na hekima yoyote hapo jamani, nilitaka tu atoke kwenye ile nyumba jioni moja.

Spoku tulimkuta kaipindua baiskeli juu chini anazungusha ringi. Mtoto akafungua buku akamsomea deni lake kama karani wa mahakama. Spoku akafuta mikono kwa tambara, akamtazama muda mrefu, akasema mama yako hakuwahi kuniamini hata siku moja. Kila nikimwambia tyubu imekwisha, nunua mpya, ananinyang'anya tyubu, anaitumbukiza mwenyewe kwenye karai la maji, anaitafuta tundu moja moja, halafu ananiambia hii kiraka kimoja tu, mwizi weye.

Mtoto akauliza, "Tyubu ya nini?"

"Ya baiskeli yake."

"Mama alikuwa anaendesha baiskeli?"

Nilitaka kucheka nikashindwa. Dada yangu! Dada aliyekuwa anatoka Ngamiani mpaka Makorora na beseni la vitumbua limefungwa kwa mpira kwenye keria, buibui kalikunja kalibana kiunoni, anapiga kengele kwa hasira wakati njia nyeupe haina mtu. Mji mzima wa baiskeli huu na yeye alikuwa anajulikana kwa baiskeli. Mtoto alikuwa hajui. Ile Phoenix nyeusi iliyolala stoo chini ya magunia ya mkaa alidhani ni ya baba. Spoku akalipa 5,000, akakataa chenji, na usiku ule mtoto akaenda stoo na tochi ya simu. Nilimsikia anaondoa magunia.

Tukazunguka karibu mwezi mzima, jioni baada ya chuo. Wengi walilipa, wengine waliapa watalipa mwisho wa mwezi, na sitaki kuwapamba watu, kuna mama mmoja wa Mabawa alitufokea mlangoni. Akasema hilo deni la uongo, huyo mwanamke alinidai mara mbili kitu kimoja na alinitukana mbele ya wapangaji wangu. Nikataka kumvuta mtoto tuondoke, yeye akauliza kwa utulivu tu, "Alikutukana vipi?" Yule mama akasema, aliniambia nina roho kama kitumbua cha jana. Mtoto alicheka mpaka akakaa chini pale kibarazani, na yule mama naye akashindwa, akacheka, akaingia ndani akatoka na 2,000 akasema hii si deni, ni nauli yenu. Naweza kusema ndo ziara iliyomfaa mtoto kuliko zote, na si ya wale waliolia na kumsifia.

Soko la Mgandini tulikuta hesabu imegeuka. Kwenye buku kaandikwa "Bangani", mtoto kashapata uzoefu, akaniambia huyu ni wa Pangani. Kweli, bibi wa Pangani muuza nazi. Lakini bibi akasema mimi ndo namdai, nazi za siku mbili, 15,000, sikuja msibani kwa sababu niliona haya kuja kudai kwenye kilio. Hilo nalo sheikh alishatwambia, deni la marehemu linatangulia, linalipwa kabla ya mtu kugusa mirathi. Tukamlipa pale pale kutoka kwenye makusanyo. Bibi akatuongezea nazi mbili za bure, akamwambia mtoto mama yako alikuwa anaitikisa nazi sikioni kama anapiga simu, halafu anainunia.

Kuanzia siku ile mtoto akifika sokoni anatikisa nazi sikioni.

Nikiliangalia sasa hivi, nini hasa kilisaidia? Wapo walioniambia ungempeleka kwa mshauri nasaha, na sikatai, kama angekuwa halali au hali tungefanya hivo. Ila naona tatizo lake halikuwa huzuni, alikuwa hana cha kuhuzunikia. Kila mtu alikuwa anamwambia mama yako alikuwa mtu mzuri, na "mtu mzuri" haina sura. Tyubu kwenye karai la maji ina sura. Na sisi wenyewe hatukuweza kumpa hivyo vitu, siyo kwamba hatukuvijua, ni kwamba miaka minne tulikuwa tunaongelea choo, dripu, nauli ya basi la Dar, damu ngapi, na msamiati wa dada mzima ulishatutoka mdomoni. Spoku hakumwona akiumwa. Yule mama wa Mabawa hakumwona akiumwa. Kwao bado ni yule yule wa 2017, na ndo maana walikuwa naye kamili.

Tungeanza mapema zaidi je? Hapo ndo najilaumu. Dada alikuwa hai, akili timamu, mofini imemtuliza, anaweza kuongea saa nzima baada ya dozi ya saa 4 asubuhi, na hakuna aliyefikiri kumweka mtoto pale na lile buku amsomee mama yake majina. Angecheka na yeye. Tulikuwa tunamtoa mtoto nje ili mama apumzike.

Shemeji tulimsahau kidogo katikati ya hekaheka hizi, na sisemi kwamba yeye kapona. Tukirudi jioni mtoto anamhadithia, na yeye anasahihisha, siyo tano zilikuwa beseni mbili, siyo kijani lilikuwa jekundu. Siku moja alamu ya saa 4 usiku ikalia katikati ya maneno yake, akaizima bila kutazama, akaendelea kuhadithia. Kwenye arobaini, maana kwetu wapo wanaoisoma na wapo wanaosema ni bidaa, na nyumba moja inaweza kuwa na wote, mabinti walikaanga vitumbua kwa chuma kile kile cha vishimo saba, vikatoka vigumu. Mama yetu akasema vibaya. Vikaliwa vyote. Phoenix ilipelekwa kwa Spoku, kiti kiko juu mno kwa mtoto kwa hiyo anaendesha kwa kupitisha mguu ndani ya fremu, kichwa upande, kengele haimpumziki.

Katika zile 360,000 tulikusanya 241,500 kabla ya kumlipa bibi wa nazi. Yaliyobaki wakubwa wote wamesamehe mafungu yao, na fungu la mtoto shemeji kalijazia. Lipo jina moja lilitusumbua mpaka mwisho, "Bulisi, 300", tukauliza mtaa mzima kama kuna mtu aliyewahi kuitwa hivo, mpaka mwalimu wake wa chuo alipolitupia jicho mara moja akasema nyie vipi, si polisi huyo. Polisi gani, wa mwaka gani, hatujui, alipita akala kitumbua au viwili akasema atarudi. Nikasema huyu basi tumsamehe. Kaka yake akapiga hesabu kwenye simu, haki ya mtoto kwenye ile 300 ni shilingi 58. Mtoto akafikiri, akasema hasamehi.